Nafasi Moja, Washambuliaji Wawili

Masa alinitumia ujumbe siku ya Jumatatu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki gereji moja hapa Riverside, Buffalo, nikingoja nifungiwe matairi ya baridi, na nikausoma mara nne nikitafuta kilichojificha ndani. Hakikuwepo kilichojificha. Kwa Kiingereza chake kile cha kukatakata alisema kwamba siku hizi ni kocha msaidizi wa timu ya chuo fulani huko kusini, kwamba Ijumaa wanakuja kucheza na vijana wa chuo cha hapa jirani, Amherst, kwamba Jumamosi mchana yuko huru na angependa kuniona. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza: huyu anataka nini? Miaka kumi kimya, halafu ghafla anataka kuniona? Na namba yangu kaitoa wapi? Nikampigia Byamungu, aliyekuwa beki wetu wa kati enzi hizo, Mkongo wa Bukavu ambaye sasa anaishi Reynoldsburg, kule Columbus, na mke na watoto. "Bon, mimi njo nilimupatia namba," akanijibu bila hata aibu. "Aliniomba na heshima. Ningemunyima juu ya nini? Ile mambo ilishaka pita, ndugu yangu." Rahisi kwake kusema imepita.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwa kumumunya maneno. Mwanaidi ni mtoto wa Tanga, kazi yake ni kuhudumia wazee, na mikono yake inajua viungo vya watu. Kwa miaka tisa ndiye anayenikanda goti hili la kushoto baridi ya Buffalo inapokaza, na kila akilikanda humtaja Mjapani ambaye hajawahi kumwona kwa macho. "Popote alipo, Mungu anamwona," husema, huku akilibonyeza goti kana kwamba ndilo lenye hatia. Sasa aliposikia kwamba mtu mwenyewe anakuja, alisimama jikoni na mwiko mkononi. "Yule yule?" akauliza. "Yule yule." "Aliyekuvunja?" Nikakohoa. "Basi mlete," akasema. "Mgeni ni mgeni, nitampikia. Lakini nitamwuliza, Baba Zuhura. Wallahi nitamwuliza mbele yako." Sikutaka amwulize, kwa sababu ninazozijua mimi. Na sasa nazisema.

Mwaka ulikuwa 2015 na mji ulikuwa Louisville, Kentucky. Ukoo wangu na namna nilivyofika Marekani tuviache, havina kazi hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilishacheza ligi kuu nyumbani Tanzania misimu mitatu, na sasa nilikuwa mshambuliaji wa timu moja ya daraja la chini. Timu ilitupangia fleti karibu na uwanja wa ndege. Ndege za vifurushi zilipita juu ya paa mfululizo hadi sahani zikatetemeka kabatini, na Byamungu, ambaye nje ya mazoezi alikuwa akipakia vifurushi hivyo hivyo boharini, alipenda kutuambia ipi inakwenda wapi, na hakuna aliyeweza kumbishia. Sebuleni palikuwa na kochi moja lililobonyea katikati na meza ya kulia ambayo mguu wake mmoja tuliuwekea kadibodi. Hapo ndipo kocha alipokuja kutuambia, mwezi Machi, amesimama kwa sababu kwenye kochi lile hakuthubutu kukaa, kwamba mwisho wa msimu timu itakuwa na nafasi moja tu ya mshambuliaji kutoka nje. Moja. Atakayeipata atasaini miaka miwili na viza yake itaendelea. Asiyeipata atarudi kwao. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Byamungu alikuwa beki, tena mkimbizi mwenye karatasi zake zote. Mshambuliaji wa nje nilikuwa peke yangu. Nikalala usingizi mtamu wiki nzima, na wiki ya pili akaja Masa.

Alikuwa na miaka ishirini na nne. Alishacheza daraja la pili Japani, akaenda Singapore, akaumia kifundo cha mguu, akapona, na sasa alikuja kwetu kuanza upya. Mfupi, mapaja manene, na mkimya kiasi cha kuudhi. Mpira ulipomjia hakuusimamisha. Aliugusa na tayari alikuwa ameshageuka, na beki amebaki anamtafuta. Nilimwona mazoezini siku ya kwanza nikasema moyoni, aisee, nimekwisha. Na kocha, kwa akili zake, akamweka chumba kimoja na mimi! Watu wawili wanagombea tonge moja, unawalaza kitanda kwa kitanda, halafu unategemea waelewane. Masa alivua viatu mlangoni, akainama, akanikabidhi kwa mikono miwili boksi la biskuti za mchele kutoka kwao. Nikamshukuru. Alipoingia bafuni nikalipeleka lote kwenye pipa la taka nyuma ya jengo, na kesho yake nikamwambia zilikuwa tamu sana.

Mnicheke, lakini kwanza mnielewe. Mtu aliyecheza mpira kwetu hali kitu cha mpinzani wake. Mimi nimewahi kuvalia jezi ndani ya basi kwa sababu viongozi walisema chumba cha wageni kimemwagiwa dawa. Nimewahi kuruka ukuta wa uwanja pamoja na kikosi kizima ili tusikanyage kilichofukiwa langoni, kocha wetu akiwa wa kwanza kuruka na tumbo lake lile. Nimeona golikipa amekataa glovu alizopewa zawadi, na siwezi kusema kwamba alikosea, maana aliyezichukua baadaye alifungwa matano. Ukikulia humo, hutoki humo kwa kupanda ndege. Mimi nilidhani nimetoka. Nilikuwa nawacheka wenzangu wa nyumbani kwenye simu, nawaambia huku watu wanashinda kwa mazoezi na maziwa, achaneni na ndumba. Halafu siku ya tatu tangu Masa aingie nikafika mlangoni kwa fleti na kuikuta ile sahani.

Ilikuwa sahani ndogo nyeupe, ya ukubwa wa kisosi, imewekwa nje kando ya mlango. Juu yake palikuwa na chumvi, imefinyangwa vizuri ikawa na ncha juu. Nilisimama palepale na mfuko wangu wa vitu vya dukani. Byamungu alikuja nyuma yangu, akaiona, akarudi hatua mbili. "Saidi, ni weye uliweka ile kintu?" Nikamwambia si mimi. "Donc ni yeye." Tukaingia kwa kuruka, mmoja mmoja, mguu usiguse karibu. Masa alikuwa mezani anaandika kwenye daftari lake, maana kila baada ya mazoezi alikuwa anaandika, anachora viduara na mishale, na maandishi yenyewe huwezi kusoma hata neno. Nikamwuliza chumvi ile ya nini. Akafikiri, akitafuta maneno. "Kusafisha," akasema. "Mama yangu, mgahawa, kila siku anaweka. Mabaya yasiingie." Mabaya gani? Ndani tulikuwa sisi tu! Mmoja wetu ndiye mabaya, na kwa kuwa aliyeweka chumvi ni yeye, hesabu ilikuwa nyepesi.

Bado hapo nilijikaza. Kilichonimaliza ni njumu. Ilikuwa siku ya mechi ya nyumbani, nimetoka kuoga, nikamkuta Masa amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na njumu zangu mapajani mwake. Zangu! Anazipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, taratibu, hadi kwenye meno ya chini, anang'oa majani kwa kijiti. Zake na za mshambuliaji mwingine aliyemzidi umri, Mmarekani, zilikuwa tayari pembeni zinang'aa. Aliponiona akasimama, akanipa kwa mikono miwili. "Wewe mkubwa," akasema. Nilichukua kwa sababu wenzangu walikuwa wanaangalia, nikavaa, nikaingia uwanjani, na siku ile nikakosa goli ambalo hata mke wa kocha angefunga. Mechi iliyofuata sikufunga. Iliyofuata pia. Yeye akafunga mawili, mawili, moja. Nikaziosha njumu zangu kwa ndimu, nikazisomea kila nilichojaliwa kukijua, nikaanza kulala nazo chini ya mto. Masa aliziona pale, akaniangalia kwa huruma, na huruma yenyewe nikaitilia shaka.

Jumapili mchana tulikuwa tunakula kwa Mama Furaha, mama mmoja Mkongo aliyekuwa anaimba kwaya kanisani kwa kina Byamungu na aliyeamua kwamba sisi wachezaji tusio na mama mjini ni wanawe, awe Mwislamu kama mimi au awe asiyejulikana ni nani kama Masa. Fleti yake ilikuwa na zulia jekundu, makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, picha za watoto waliomaliza shule, na harufu ya sombe, kisamvu chao, tangu kwenye ngazi. Masa alijifunza kula fufu, ugali wao wa muhogo, siku moja tu. Aliifinyanga, akaibonyeza dole gumba, akachota sombe na dagaa bila kudondosha, halafu baada ya kula akanyanyuka na kwenda kuosha vyombo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi na Byamungu tulitazamana. Ukutani palikuwa na tundu la kupitishia sahani kati ya jikoni na sebule, na nilikuwa nimekaa karibu nalo, kwa hiyo nilimsikia Byamungu baadaye akimnong'oneza Mama Furaha habari za chumvi, za njumu na za daftari. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikimbia masasi ya vita, tukalala mu pori na batoto," akasema. "Sasa munaogopa chumvi? Saidi! Njoo hapa. Weye ni mwanaume gani?" Nikaenda, nikacheka naye. Lakini ndani nilisema huyu mama naye ameshapatikana. Vyombo vilivyooshwa vimemfumba macho.

Sasa, baada ya miaka kumi, nayakumbuka yale na kuona jinsi shaka inavyofanya kazi. Haihitaji ushahidi, inahitaji tu muda. Akicheka, anakucheka wewe. Akinyamaza, anapanga. Akikusaidia, ndiyo kabisa, amekumaliza. Kulikuwa na siku Masa alinieleza mazoezini kwamba ninachelewa kukimbia kwenye krosi, nisubiri pumzi moja tu kisha nikimbie, na alikuwa sahihi, kocha mwenyewe alisema baadaye maneno yale yale. Mimi nilifanya kinyume kwa makusudi wiki mbili nzima. Nilijiumiza mwenyewe kwa kukataa kusaidiwa, halafu kila nikikosa nikasema mnaona? Mnaona anavyonifanya?

Mwezi Agosti tulikwenda Columbus. Kocha alikuwa ametuambia wazi kwenye basi: ataanza na sisi wawili pamoja, Masa kushoto, mimi katikati, na baada ya mechi ile ataanza kuamua nani abaki. Kwa hiyo haikuwa mechi ya kawaida kwangu. Ilikuwa viza, ilikuwa jina langu nyumbani, ilikuwa kila kitu nilichokuwa nacho. Uwanja ulikuwa wa shule, una majukwaa ya bati na uzio wa seng'enge kuzunguka, juu kidogo ya kichwa changu, na lango moja la wachezaji. Ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa wa mwisho kushuka kwenye basi kwa sababu nilikuwa nazisomea njumu. Wenzangu walishapita. Masa alikuwa mbele yangu. Alipofika langoni akasimama, akaweka miguu pamoja, akainama kuelekea uwanjani, akanyamaza hapo muda, kisha akachuchumaa na kugusa ardhi pale pale pa kupitia. Alikuwa anafanya hivyo kila uwanja, nilishamwona. Lakini siku ile alifanya kitu cha zaidi. Aliingia, akageuka, akaniona, akalishika lango kwa mkono ili lisijifunge, akanisubiri nipite.

Kwa nini anataka nipite? Amegusa nini pale chini? Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimesahau kitu kwenye basi, aende tu. Nilipoona ameachia lango nikazunguka nyuma ya majukwaa, mahali pasipo na watu, nikarusha begi langu ndani, nikapanda uzio. Kupanda si kazi. Nilipokuwa juu, kwenye zile ncha za waya, bukta ikanasa, nikavuta, nikaanguka upande, mguu wa kushoto ukatangulia na goti likazunguka peke yake. Nilisikia mlio wake. Nilikaa kwenye majani nimeuma kola ya fulana ili nisipige kelele. Nilipoinua kichwa, Masa alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, amerudi kunitafuta. Aliangalia uzio. Akaniangalia mimi, kisha goti. "Sawa?" akauliza. "Sawa," nikasema, nikanyanyuka, nikatembea mbele yake bila kuchechemea, na Mungu ndiye anayejua nilivyotembea.

Nilicheza dakika kama thelathini kwa mguu mmoja. Kisha ikaja krosi, Masa akaifuata kutoka kushoto, mimi katikati, tukafika pamoja. Aligusa bega langu, basi, kama watu wanavyogusana mlangoni. Goti likaachia. Nilianguka nikapiga ukelele ulionyamazisha jukwaa zima, na kabla sijajua nini kinaendelea, Byamungu alikuwa amemkwida Masa kifuani. "Umemuvunja! Umemuvunja kusudi!" Wenzetu wakawatenganisha. Masa aliinua mikono, akiniangalia mimi tu. Nikafumba macho, na watu wakadhani ni maumivu.

Hospitali pale Columbus waliniambia kano ya goti imekatika. Kocha alikuja jioni na fomu ya timu, akavuta kiti. Nilijua fomu ile. Mchezaji akiumia mchezoni, timu inamtibu na haiwezi kumwacha kabla hajapona. Akiumia kwa upuuzi wake nje ya mchezo, anafungashiwa virago. Akauliza imekuwaje. "Tumegongana," nikasema. "Na nani?" "Na Masa." Akaandika. Halafu akaniangalia usoni, kalamu hewani. "Alifanya makusudi?" Ningeweza kusema hapana. Neno moja, herufi chache. Kulikuwa na bomba la maji linadondosha chooni na nilikuwa nalisikia. "Sijui," nikasema. Kocha akatikisa kichwa polepole, akaandika na hilo. Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi mrefu, lakini ule ndio ninaouonea haya.

Kesho yake Masa alikuja na mfuko wa machungwa. Akakaa, akaanza kumenya moja, ganda likatoka zima, akanigawia. Nikasema nimekatazwa na daktari. Akala mwenyewe. Hakutaja uzio. Nilimsubiri autaje hadi akamaliza chungwa la pili, lakini alisema tu, "Pole sana," akainama, akaondoka. Nikajua basi, anaitunza. Ana kisu na anajua atakapokitumia. Louisville kila nilipomwona anaelekea ofisini kwa kocha, nilijivuta na magongo yangu hadi karibu na mlango kusikiliza. Nilisikia habari za mazoezi, za ratiba, za tiketi ya ndege. Habari zangu sikuzisikia hata siku moja. Na hilo nalo likanitia hofu zaidi: mtu gani huyu ananyamaza namna hii?

Byamungu na mawinga wakaacha kumpa pasi. Si kwa maneno, bali mpira ulikuwa unapita kila mahali isipokuwa alipo. Majukwaani watu wetu, ambao walikuwa wakija na ngoma na vuvuzela, wakaanza kumzomea akigusa mpira. Kwa Mama Furaha hakualikwa tena. Mama mwenyewe alitaka aje, lakini wenzake wa kwaya walisema hawatakaa meza moja na mvunja miguu ya mtoto wa watu. Goli hakufunga tena hadi msimu ukaisha. Chumba cha kubadilishia nguo aliendelea kukifagia peke yake, njumu za wakubwa akaendelea kuzipangusa, isipokuwa zangu, ambazo sikuzivaa tena. Mwezi Oktoba nafasi ile moja nikapewa mimi, kwa kuwa timu haikuweza kuniacha kabla sijapona, na goti langu limefungwa bandeji. Yeye akaambiwa asante. Siku ya kuondoka alitandika kitanda, akasimama mlangoni na begi, akaniinamia kwa muda mrefu. Alipoingia kwenye gari nilichukua ndoo nikapiga deki pale aliposimama.

Ule mkataba niliouiba sikuufaidi. Goti halikurudi kuwa goti. Mwaka uliofuata mkataba ukavunjwa, nikaja Buffalo kwa kazi ya kiwandani, nikamwoa Mwanaidi, na hadithi ya Mjapani nikamsimulia kama nilivyoiandikisha kwa kocha. Masa nilimfuatilia kimya kimya kwenye simu. Alikwenda Kambodia, akarudi kwao akacheza ligi ya mkoa, asubuhi anamsaidia mama yake mgahawani na jioni mazoezini. Kila akifunga nilikuwa naangalia mara kumi, nikitafuta ishara kwamba goli lile analifunga kunikomoa mimi. Hadi anastaafu, katika picha ameshika maua, kanenepa kidogo, nilikuwa bado natafuta.

Jumamosi alikuja saa saba kamili. Mvi chache, mapaja yale yale. Mwanaidi alikuwa amepika pilau ya nyama na kachumbari, akatandika kitambaa cha wageni, akamkaribisha kwa Kiingereza chenye "shemeji" kila baada ya maneno matatu. Tulikula. Aliuliza habari za Mama Furaha, nikamwambia yu mzima, amehamia Columbus kwa mwanawe. Aliuliza habari za goti, na hapo ndipo mke wangu alipoweka kijiko. "Shemeji," akasema, "mimi si mtu wa kuzunguka. Ni miaka tisa nalikanda goti hili. Nataka nijue kwako mwenyewe. Kwa nini ulimvunja mume wangu?"

Masa aliacha kula. Aliniangalia mimi. Aliniangalia vile vile kama pale Columbus mikono yake ilipokuwa juu, na safari hii nilikuwa na macho wazi, na nikaona kitu ambacho miaka yote sikukiona: hakuwa ananitisha. Alikuwa ananingoja. Nikavuta bakuli la kachumbari, nikajichotea. Akasubiri kidogo tena, kisha akamgeukia Mwanaidi, akaweka mikono magotini, akainamisha kichwa karibu kiguse sahani. "Samahani sana," akasema. Mwanaidi alipumua. Yale machozi ya hasira aliyokuwa ameyahifadhi yakamtoka. "Basi, yameisha, shemeji," akasema, akamchotea pande la nyama kubwa kuliko yote sufuriani, akamwekea. "Kula. Mungu atusamehe sote."

Sikuweza kuliangalia lile pande la nyama. "Mwanaidi," nikasema, na nikasema kwa Kiingereza ili wote wawili wasikie, "hakunivunja huyu. Goti lilikatika kabla ya mechi. Niliruka uzio nikaanguka. Yeye aliniona, akaninyamazia. Kocha akaniuliza, mimi nikamwachia abebe." Mwanaidi alibaki na kijiko hewani. "Miaka tisa," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayehesabu. "Miaka tisa namlaani mtoto wa mwanamke mwenzangu." Hakuniangalia.

Nilidhani Masa atashusha pumzi, au atanitukana, ningeshukuru. Yeye alisogeza sahani pembeni. "Saidi," akasema, "nina swali. Nimekuja kwa swali hili tu. Nimelifikiria Kambodia, nimelifikiria nyumbani. Lango lilikuwa wazi. Mimi mwenyewe nililishika. Kwa nini uliruka?"

Kumbe hakujua! Alijua yote, alibeba yote, isipokuwa hilo. Mwanaidi, aliyezaliwa Tanga, nani amweleze maana ya mchezaji kuruka ukuta wa uwanja? Alishaelewa kabla sijajibu, akavuta mtandio akajifunika uso.

"Nilikuwa naogopa," nikasema.

"Ulimwogopa nani?" akauliza Masa.

"Wewe, Masa. Wewe."

Alijinyooshea kidole puani, kama wanavyofanya kwao, kuhakikisha kwamba ni yeye ninayemsema. Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa akifikiri, anarudi nyuma mwezi kwa mwezi, nilimwona akirudi, uso wake ukitafuta kosa lake lilipo. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mtu ambaye yuko tayari kuomba radhi akielezwa tu:

"Nilikufanya nini?"